Koo Tupu na Sauti ya Mnadi

Besi aliiona video hiyo kwenye simu ya mteja wa mama yake, mwanamke aliyekuwa amesukwa nusu kichwa. Nusu nyingine ya nywele ilikuwa bado imesimama, na mwenyewe alikuwa analia machozi ya furaha.

"Dada, huyu si mzee wako?" alimwuliza mama yake Besi, akiinua simu juu ili msusi aione bila kuacha kusuka. "Mungu ni mkubwa. Mtu alikuwa bubu, leo anaimba."

Besi alikuwa anapita na beseni la maji ya kuoshea nywele. Alisimama akachungulia. Kwenye kioo kile kidogo alimwona baba yake ameketi kwenye kiti cha plastiki, kitambaa kimefungwa shingoni kama cha mtoto, upande wa kulia wa mdomo umelegea na ute unashuka kwenye kidevu. Alikuwa anaimba. Nyuma yake vijana wenye mashati ya buluu waliyumba pamoja, na Besi mwenyewe alikuwa mmoja wao, wa pembeni, amefumba macho. Juu ya picha kulikuwa na maandishi makubwa: KOO TUPU WAMRUDISHIA BUBU SAUTI YAKE. TUPIGIE KURA.

Aliweka beseni chini. Maji yakamwagikia miguu yake, hata hakuyasikia.

Baba yake hakuwa bubu. Alikuwa mnadi. Tangu Besi hajazaliwa, mzee yule alikuwa amesimama juu ya meza kwenye viwanja na maghala, akinadi vitanda, majokofu, madawati ya ofisi zilizofungwa, magari ya watu walioshindwa mikopo. Aliyekuja kutazama tu aliondoka na kabati, na aliyekuja kununua kabati aliondoka na kabati, kioo na viti sita, akifika nyumbani ndipo anajiuliza ataviweka wapi. Sauti yake ilikuwa nzito na pana, na binti yake aliirithi. Ndiyo maana chuoni, siku ya kwanza alipojaribiwa kuimba, walimtoa kwa wasichana wakamsimamisha na wavulana, na tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi likasahaulika. Akawa Besi.

Kisha asubuhi moja mzee alikuwa ananyoa ndevu, wembe ukamponyoka, naye akaufuata chini. Kiharusi. Alipona kiasi cha kutembea kwa fimbo, na akili yake ilikuwa timamu kabisa, lakini maneno yalikataa kutoka. Yalibaki machache tu, yale ambayo mtu huyasema bila kufikiri: kuhesabu moja mpaka kumi, "salama", na "pumbavu". Akitaka maji alisema pumbavu. Akitaka kuzimiwa feni alisema pumbavu. Muuguzi mmoja alinuna wiki nzima mpaka alipoelezwa.

Aliyeeleza ni mtaalamu wa matamshi wa kituo cha tiba, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba ambaye wagonjwa walimwita Mwalimu wa Maneno. Aliiambia familia kwamba watu wengine wa namna hii wakishindwa kusema huweza kuimba, na kwamba kwa kupitia wimbo maneno yanaweza kuanza kurudi, moja moja, kwa kazi ya miezi. Mama alilishika neno hilo. Kila jioni, baada ya mteja wa mwisho, aliketi na mumewe kitandani, akimpigapiga kiganja cha kushoto kwa mdundo na kuimba naye wimbo wa dansi waliouchezea wakiwa wachumba: usizime taa, bado nakuja. Mwanzo mzee alinguruma tu. Baadaye akatoa "taa". Baadaye mstari mzima. Hakuna aliyepiga picha jioni hizo.

Sasa hao Koo Tupu. Lilikuwa kundi la wanafunzi wanaoimba bila ala yoyote, hakuna gitaa wala kinanda. Hata ngoma ilipigwa kwa midomo, na kulikuwa na kijana mmoja mwembamba aliyejua kutoa puani sauti ya tarumbeta. Walikuwa wazuri kwelikweli, Besi hakuwahi kukana hilo. Kiongozi wao, waliyemwita Kapteni, alikuwa na sikio ambalo lingesikia sindano ikidondoka nje ya sauti. Lakini mashindano ya vyuo yalikuwa na utaratibu wake: mbali na alama za kuimba, kulikuwa na alama za kuhudumia jamii, na kura za watazamaji mtandaoni. Basi kundi likawa linazunguka kwa yatima, kwa wazee, kwa wafungwa. Kapteni alichagua wahitaji kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akiwabinyabinya. Nyumba moja ya wazee aliikataa kwa sababu chumba kilikuwa na giza.

Mwalimu wa Maneno ndiye aliyemwomba Besi awalete wenzake waimbe na wagonjwa wake. Besi akawafundisha ule wimbo wa wazazi wake, akaupangia sauti zote yeye mwenyewe. Mlangoni mwa kituo Mwalimu wa Maneno aliwasimamisha akasema kwa upole kwamba humu ndani simu zinakaa mfukoni. Kapteni akaweka mkono kifuani. "Bila shaka, mwalimu," alisema. "Tumekuja kutoa, hatukuja kuchukua."

Siku ile mzee aliuimba wimbo wote kwa mara ya kwanza. Besi alifumba macho ili asilie. Ndiyo sababu hakuiona simu iliyokuwa imeegemezwa kwenye chupa ya maji dirishani.

*

Chumba chao cha mazoezi kilikuwa chini ya ngazi za maktaba, zamani ghala la viti vibovu. Kilikuwa na mwangwi mzuri na harufu ya zulia lililonyeshewa. Besi alipoingia walikuwa wote kwenye duara, wanapasha koo. Hakungoja wamalize.

"Nani aliyerekodi?"

Macho yote yalikwenda kwa msichana wa sauti ya kwanza aliyesimamia ukurasa wa kundi. Wenzake walimwita Picha. Picha akamtazama Kapteni.

"Keti kwanza," Kapteni alisema.

"Siketi. Tuliambiwa simu mfukoni. Wewe uliweka mkono hapa." Besi akajigonga kifua. "Nani aliyerekodi?"

"Nilimwambia mimi. Besi, sikiliza. Ni kitu kizuri. Soma maoni ya watu. Kuna mtu ameandika kwamba ataanza kumpeleka mama yake tiba kwa sababu yetu."

"Kwa sababu yetu? Sisi tulikaa pale muda wa nyimbo tano. Mama yangu amekaa naye tangu mvua zilizopita. Mmeandika tumemrudishia sauti. Mmeandika bubu. Baba yangu bubu?"

"Ni kichwa cha habari tu. Watu hawasomi maelezo marefu."

"Ifute."

Kapteni alishusha pumzi kama mtu mzima anayevumilia mtoto. Alisema fainali iko karibu, kura zimepanda, wakifuta sasa wamekwisha. Alisema hata hivyo ruhusa ilikuwepo. "Nilimwuliza mama yako pale kituoni, wakati wa chai. Alikubali."

Besi hakuwa amelitegemea hilo. Kapteni akaona nafasi.

"Na kwa ukweli," aliongeza, sauti yake laini, "leo baba yako ametazamwa na watu wengi kuliko wote waliowahi kufika mnadani kwake. Hiyo si aibu. Hiyo ni heshima."

Besi aliwatazama wenzake mmoja mmoja, watu aliokula nao, aliolala nao kwenye mabenchi ya vyuo vya ugenini wakisubiri zamu ya kupanda jukwaani. "Nyinyi mnasemaje?"

Kijana wa tarumbeta alikuwa anatazama kamba za viatu vyake. Mwingine alikohoa. Kapteni akasema basi tupige kura, maana sisi ni kundi la kidemokrasia. Mikono ya kufuta ilikuwa miwili, wa Besi na wa yule mpiga ngoma wa midomo, na hata wake ulinyanyuka nusu, kama wa mtu anayekuna sikio.

*

Alirudi nyumbani. Mteja alikwisha ondoka, na mama alikuwa anafagia nywele sakafuni.

"Mama, ulimruhusu?"

Mama hakuuliza nani. Aliendelea kufagia kidogo, kisha akaegemea ufagio. "Aliniambia, mama, tunaweza kubaki na kumbukumbu ya leo? Nikamwambia haya, mwanangu. Nilijua ni kumbukumbu yenu, ya kukaa nayo. Kijana mwenye adabu, amenishikia na kikombe. Nilijuaje?"

"Sasa umejua. Mwambie afute."

Mama alitoa simu yake mfukoni mwa aproni, akaigeuzageuza. Besi akaelewa kabla hajaambiwa.

"Umeihifadhi."

"Ni mume wangu anaimba," mama alisema. "Wewe unaona ute. Mimi simwoni ute. Nimekaa na mtu kimya mwaka huu, usiku nasikia anajaribu kusema jina langu gizani na halitoki. Nisiweke?"

"Wewe weka. Lakini wale wateja wako, na wauza viti, na kila mtu aliyewahi kumwona baba juu ya meza..."

"Yameshamwagika hayo. Ukivuliwa nguo, chutama."

"Kuchutama nimechutama, mama. Mimi nataka kumjua aliyemvua."

Walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, lakini nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na pazia. Pazia likasogezwa. Mzee alikuwa amesimama pale na fimbo yake, amevaa shati la kutokea. Kumbe alikuwa amejua tangu asubuhi. Mnadi mwenzake, mpinzani wake wa siku zote, mtu waliyenyang'anyana naye wateja mpaka wakazeeka, alikuwa amekuja na machungwa kumpa pole. Mtu yule hakuwahi kumhurumia katika maisha yake. Siku hiyo alimshika mkono, akamwambia ameiona, akasema kwa sauti kubwa na ya polepole kama anayeongea na kiziwi, "Unaimba vizuri, mzee. Vizuri sana." Machungwa yalikuwa bado juu ya meza, hayajaguswa.

Mzee alinyoosha fimbo kumwonyesha Besi, kisha mlango.

"Baba, twende wapi?"

Akagonga fimbo chini mara mbili. Alikuwa amekasirika mpaka mshipa wa shingo umesimama. Akamnyooshea Besi kidole, akakizungusha hewani kuonyesha duara la watu, kisha akagusa koo lake.

"Hasira hasara, baba watoto," mama alisema.

Mzee akamjibu "pumbavu", na safari hiyo kila mmoja alijua kwamba alimaanisha hivyo hivyo.

*

Walikuta mazoezi yanaendelea. Mzee alishuka ngazi zile moja moja, hataki kushikwa, na walipofika mlangoni kundi lilikuwa katikati ya wimbo uleule, usizime taa. Walipomwona walinyamaza mmoja baada ya mwingine, sauti ya chini ikawa ya mwisho kukatika, maana kwenye nafasi ya Besi alikwisha wekwa kijana mwingine.

Kapteni akatangulia na tabasamu. "Mzee wetu. Karibu sana, ni heshima kubwa." Akasogeza kiti. Mzee akakitazama kile kiti, hakukikalia.

Alifungua mdomo. "Fu," alisema. Akasita. Jasho likamtoka juu ya mdomo wa juu. "Fu. Fu." Alipiga paja kwa mkono wa kushoto, kama Mwalimu wa Maneno alivyomfundisha, akitafuta mdundo. Besi alilijua neno lile tangu herufi ya kwanza, lilimjaa mdomoni, lakini alijizuia asimtamkie. Mzee hakuwa anahesabu wala kuimba. Alikuwa anatafuta neno lake mwenyewe, alilolichagua, la kumwambia mtu. Chumba kizima kilimsubiri.

"Fu-ta," alisema baba yake. Kisha tena, zito na pana, mwangwi ukalibeba kama sauti yake ilivyokuwa inabebwa kwenye maghala. "Futa."

Besi aligeuka kumtazama Kapteni usoni wakati neno lile linamfikia. Badala yake alimwona Picha nyuma ya Kapteni, ameinua simu kwa mikono miwili, macho yana machozi, anarekodi.

Besi alisema baadaye kwamba hakukumbuka kutembea. Alikumbuka simu ikiwa mkononi mwake, ya moto kidogo, na uso wa baba yake ukiwa bado unasogea ndani yake. Akaipiga ukutani. Ilipodondoka akaiokota, akaipiga tena.

"Utailipa hiyo," Kapteni alisema. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Nitailipa. Na wewe utalipa nini?"

*

Mlezi wa wanafunzi alimwita ofisini kwake kesho yake. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza, na juu ya meza yake kulikuwa na sahani ya pipi kwa ajili ya wanafunzi wanaolia. Alimsogezea Besi sahani.

"Binti yangu, uharibifu wa mali ya mwenzako ni kosa. Lakini naelewa, umeguswa. Mwombe radhi, lipa simu, tuyamalize humu humu."

"Nitamwomba radhi wakifuta."

Mlezi alijikuna mkono. "Video ile chuo pia kimeiweka kwenye ukurasa wake. Imetusaidia sana. Makamu mkuu mwenyewe ameisifu."

Besi alimtazama mpaka mama yule akaanza kupanga kalamu zake. "Kuna mtu yeyote hapa," aliuliza, "aliyefikiria kumwuliza baba yangu?"

"Lakini baba yako si hawezi..." Mlezi aliishia hapo.

"Aliweza jana. Alishuka ngazi zenu akawaambia. Na wewe unayenisemesha sasa hivi una ulimi mzima, na hukumwuliza."

Kwa maneno hayo alizuiwa kushiriki kundi lolote la chuo kwa mwaka mzima, ikaandikwa kwamba ni kwa utovu wa nidhamu. Hakuomba radhi. Simu aliilipa, kwa kusuka wateja wa mama yake siku za mapumziko, akiwavuta nywele kuliko ilivyohitajika.

Koo Tupu walikwenda fainali bila yeye. Ingependeza kusema walianguka, na kuna waliomwambia kwamba besi mpya alipotea kwenye ubeti wa pili. Hawakuanguka. Kwa kuimba walikuwa wa tatu. Kwa huduma na kura walikuwa wa kwanza, na jumla ikawapa kombe. Wiki hiyohiyo video ikaondolewa kimyakimya, maana kazi yake ilikuwa imekwisha, ila kufikia hapo ilikuwa imenakiliwa kila mahali na haikuwa na mwenyewe tena.

Mwalimu wa Maneno aliandikiwa barua ya onyo na wakuu wake kwa kuruhusu wageni. Besi alikwenda kumwomba msamaha, akamkuta anafuta ubao. Hakugeuka haraka.

"Sijakukasirikia wewe," alisema mwishowe. "Nimekasirika tu, na wewe ndiye uliyekuja." Kisha akamwambia jambo ambalo Besi alikuwa amekwisha lijua nyumbani. Mzee hakutaka kuimba tena. Kituoni wakianza wimbo, alifunga mdomo na kutazama dirishani, pale palipokuwa na chupa. Mama akimpigapiga kiganja jioni, aliutoa mkono. Njia aliyokuwa anapitia kurudi kwenye maneno, aliifunga mwenyewe kwa ndani, na hakuna tiba iliyojua kumwomba aifungue.

*

Kapteni alikuja nyumbani mwezi uliofuata. Alikuja mchana, saluni imejaa, amevaa shati la buluu. Alimpita Besi kana kwamba ni kiti, akaenda kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alisema wanaandaa onyesho la ushindi, kwa ajili ya kuwasaidia wagonjwa wa kiharusi. Wangependa mzee awe mgeni wa heshima. Hatalazimika kufanya chochote, wimbo ule mmoja tu, au hata akae tu jukwaani. "Itamfariji, mama. Na sisi tutafurahi kuyamaliza."

Besi alinyanyuka. Mama yake akamzuia kwa mkono uliokuwa na kitana, bila kumtazama. Mama alimaliza msuko aliokuwa ameshika, akaufunga uzi, akaukata kwa meno.

"Siku ile," alisema, "uliniita mama."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nina mtoto mmoja tu. Watu wengi huniita mama, na wateja, na wauza mboga, siwahesabu. Lakini wewe ulinishikia kikombe changu cha chai, ukaniita mama, ndipo ukaniomba. Ungeniita bibi wee, ungeniita msusi, ningekuuliza unataka kuipeleka wapi hiyo kumbukumbu. Uliniita mama, nikakwambia haya. Mume wangu alikuwa anaimba na mimi. Mimi, chumbani kwangu. Sasa haimbi na mtu." Sauti yake haikupanda hata kidogo, ilikuwa inashuka, inashuka, mpaka ikafika kwenye uzito ule ambao Besi alidhani ni wake na wa baba yake tu. "Sasa niite tena. Niite mama tena hapa, mbele ya watu hawa, halafu uone."

Kapteni alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu Besi amjue, hakujua aanzie noti gani.

"Samahani," alisema.

"Toka."

Akatoka. Yule mteja aliyeileta video siku ya kwanza alikuwepo, anafumuliwa, akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye aliifuta zamani. Hakuna aliyemjibu. Mama alirudi kwenye kichwa alichokuwa anakisuka, lakini mstari ulikwenda upande. Aliufumua, akaanza upya, ukaenda upande tena.

"Nishikie hapa," alimwambia Besi.

Besi akashika. Walisuka kichwa kile wawili, kwa hasira, na mwenye kichwa naye akavumilia.